Siku moja maishani mwangu: sauti ya kiitikio imekwenda wapi?

Saa mbili asubuhi nafungua studio, Ngamiani hapa Tanga, baiskeli naiingiza ndani, nawasha mashine na feni niipate mapema maana tukianza kurekodi inazimwa.

Saa tatu anaingia dada mmoja, mwimbaji wa taarabu, hata kukaa hajakaa: "Kaka, kwenye hedifoni najisikia vizuri tu, nikiweka kwenye kispika cha blutuu kiitikio chote hakipo!" Alirekodi sehemu nyingine, kaja na faili zake zote kwenye flashi.

Nafungua. Vokali, yaani sauti ya kuimba, ya kiitikio imekopiwa, moja kushoto moja kulia, na ya kulia imegeuzwa fezi, yaani wimbi limepinduliwa juu chini, ili isikike pana. Nikavuta picha ya wimbi ikawa kubwa, nikamwonyesha: hapa kushoto kuna mlima, palepale kulia kuna bonde. Ukivaa hedifoni kila sikio linapata yake, ila vispika vingi vidogo vinachanganya kushoto na kulia kuwa mono, mlima na bonde vinakutana, jibu ni sifuri. Nikabonyeza mono, kiitikio kikapotea kweli, vikabaki vinanda na ngoma. Dada kimya.

Akauliza, si uigeuze tu irudi? Nikigeuza inarudi, ila zinakuwa nakala mbili zilezile, sauti inapanda desibeli 6 basi, unene hamna. Na wale wanaosogeza kopi milisekunde 1 ndo wanaharibu zaidi, zikichanganyika masafa ya hezi 500 yanafutika, 1500 nayo, 2500 nayo, huku 1000 na 2000 zinapanda, unapata sauti ya mtu anayeimba ndani ya bomba. Mi kwa kweli kopi ya vokali siipendi kabisa, mwimbaji yupo, aimbe tena!

Saa sita na nusu adhana, tunasimama.

Saa nane anarudia kiitikio, mara ya kushoto, mara ya kulia. Pumzi tofauti, mwisho wa neno anauvuta tofauti kidogo, kwa hiyo mawimbi hayalingani na hayawezi kufutana hivyo. Kopi nikazifuta zote.

Saa kumi na moja nagusa besi ya wimbo mwingine, ina laini, yaani sauti iliyoingia moja kwa moja kwa waya, na maiki iliyokaa kama sentimita 34 kutoka kwenye spika, yaani ya maiki imechelewa milisekunde 1 hivi. Naiwahisha ya maiki mpaka milima ikae sawa, mono tena, besi imejaa. Dada kashajaribu wimbo wake kwenye kile kispika, kanitumia voisi: "Kaka, nipo!"