Ulimi wa mama mkubwa

Leo nimemsindikiza mama mkubwa kwa munganga hapa Bukavu.

Tangu alipopasuliwa uvimbe shingoni, maneno yanamtoka mazito, na tonge la bugali linabaki upande mmoja wa mdomo.

Munganga hakuanza na mashine. "Mama, toa ulimi."

Ulimi ukatoka. Ukapinda kushoto, upande ule ule wa kovu.

Nikasogea nione vizuri. Nusu ya kushoto imekonda, imejikunja, na ndani yake kunatetemeka, kidogo kidogo, bila yeye kutaka. Moyo uliniuma.

Akatueleza. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ya 12 ya kichwa, inayoitwa haipoglosi, ziko mbili, kila upande yake. Inashuka shingoni, inapita chini ya taya, inaingia kwenye ulimi. Ndiyo inayoendesha karibu misuli yote ya ulimi. Mmoja tu, unaoinua ulimi kwa nyuma, unategemea neva ya 10.

Mbona ulimi unapindia upande ambao neva yake imeumia? Fikirieni mtumbwi wa Kivu wenye wapiga kasia wawili: wa kushoto akiacha, unageukia kushoto.

Ladha bado anaisikia, maana hiyo inapita kwa neva nyingine, ya 7 na ya 9. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, bado ni tamu kwake, na nimefurahi sana!

Ameanzishiwa mazoezi ya kusema na kumeza.

Ndugu zangu, nani amemhudumia mtu wa hivi? Mlimpikia nini laini? Niandikieni hapa, nitamsomea yote.