Cherehani Nyeupe ya Mjomba

Mjomba aliishusha kwenye basi mwenyewe, hakumwamini utingo. Cherehani ya umeme, nyeupe pe, kutoka Kariakoo, na juu ya boksi imechorwa mishono 20 na ushee: maua, mawimbi, hata bata.

"Dada, sasa upumzishe miguu," akamwambia mama.

Hapo ndipo alipompata. Tangu nipate akili mama alikuwa akikanyaga Singer nyeusi ya chuma aliyoachiwa na bibi, kibarazani kwetu Morogoro, na usiku magoti yakimuuma. Herufi za dhahabu ubavuni zilishafutika kwa kushikwashikwa, imebaki S na nusu ya G. Kichwa chake tukakifungua mezani, tukakiviringishia gunia, kikaenda uvunguni. Baba alitaka kukiuza kwa wa vyuma chakavu. Mama akasema kwanza tuone.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha, sitasema uongo. Zigizaga ilifunga ncha za kitambaa zisichomoke nyuzi, kazi ambayo ile nyeusi haikuijua kabisa. Mishono mingine yote hakuna mteja aliyeiulizia. Nani avae kaptula yenye bata?

Ikaingia Ramadhani ya 2006. Ukame ulikuwa umelishusha Bwawa la Mtera, nchi iko kwenye mgao, na kwetu umeme ukiondoka asubuhi hurudi usiku. Vitambaa vya Idi vikarundikana kitandani mpaka mama akawa analala mkekani. Alishona baada ya tarawehe, jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye taa. Zimebaki siku tano, akapitisha pindo la suruali ya jinzi. Mashine ikakwaruza krrr. Mota inanguruma, sindano imesimama.

Kesho yake fundi aliifungua akatoa gia ya plastiki, meno matatu hayapo, akamwekea mama kiganjani.

"Spea ya hii hakuna, mama. Labda umuulize aliyekuuzia."

Mama hakujibu. Alinitazama tu, nikaingia uvunguni.

Mkanda wa ngozi ulikuwa umelegea. Tukaukata kidogo, tukauunga kwa kipande cha waya. Mafuta, tone moja kila tundu. Mguu wa kwanza mzito, wa pili mzito, kisha ikaanza ile sauti niliyolelewa nayo. Nikamshikia chemli. Jinzi ilipita kama khanga.

Idi mosi mjomba alikuja na kanzu mpya mwilini, ile aliyoimalizia mama saa nane za usiku. Akaiona mashine yake juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Inasemaje, dada?"

"Alhamdulillahi, kaka. Imenipumzisha miguu kweli," mama akasema, akamsogezea sinia la pilau.