Mara mbili patupu, mara ya tatu vitundu: nilivyopiga chuma kwa ioni

"Ioni ni nyutroni zenye haraka tu, kijana, usijisumbue." Aliyeniambia hivyo alikuwa na uzoefu kunizidi, na nia yake ilikuwa njema. Maneno yake yalinila karibu miezi minane, pamoja na muda wa mashine ambao hadi leo sithubutu kuupigia hesabu.

Nilitaka kujua chuma cha pua kitavimba kiasi gani kikikaa ndani ya kinu cha nyuklia cha nyutroni za kasi. Kwamba kinavimba, si habari mpya: Cawthorne na Fulton waliona vitundu ndani ya chuma kilichotoka kwenye kinu cha Dounreay, Uskoti, wakatangaza mwaka 1967. Taabu ni kusubiri. Kufika dpa 50, yaani kila atomi iwe imeng'olewa mahali pake mara 50 kwa wastani, huchukua miaka kinuni, na sampuli hurudi ikitoa mionzi, haishikiki. Mwale wa ioni za chuma, yaani atomi za chuma zenye chaji zinazorushwa na mashine, wenye nishati ya MeV 5, ulinifikisha hapo kwa saa 14, na sampuli nikaishika kwa kibano changu mwenyewe.

Jaribio la kwanza niliipasha nyuzi 400 za Selsiasi, kwa kuwa kinuni ni nyuzi 400. Vitundu: sifuri. Kumbe mwale ulikuwa unang'oa atomi haraka kuliko kinu mara 1,000 hivi. Atomi iking'oka huacha nafasi tupu, na nafasi hizo sharti zitembee zikutane ndipo kitundu kizaliwe. Mwendo wake unaamuliwa na joto, haujali wewe una haraka gani. Nyingi zilizibwa na atomi zilizong'oka kabla hazijafika popote. Nikapandisha hadi nyuzi 500 na kitu.

La pili ndilo lililoniaibisha. Chini ya hadubini ya elektroni niliona madoa meusi tele, nikashangilia, nikawaita watu. Yalikuwa makovu ya mashine ya mwale wa ioni za galiamu niliyokatia kipande. Nilipoyaondoa kwa kuking'arisha kipande kwa umeme, vilibaki vipande vidogo vya kabaidi, yaani metali iliyoungana na kaboni, na vitundu vya kuhesabika kwa vidole. Chuma changu hakikuwa na kaboni kiasi hicho. Imetoka wapi? Nilishuku joto. Nikashuku kemikali za kung'arishia. Nikamshuku hata mwenzangu anayeshika kila kitu bila glavu, na huyo bado sijamsamehe moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipopata akili moja ambayo naiona ya kwangu, ingawa najua wengine walishaitumia. Nilifunika nusu ya sampuli kwa karatasi nyembamba ya metali ya tantalamu. Nusu zote mbili zikapata joto lilelile, ombwe lilelile na usafi uleule, tofauti ikawa mwale peke yake. Nilipopima tabaka kwa tabaka, nusu iliyofunikwa ilikuwa safi, nusu ya wazi imejaa kaboni. Ombwe nililojivunia lilikuwa na mabaki ya mvuke wa mafuta. Molekuli zake zikitua juu ya chuma, mwale unazivunja na kuigongomea kaboni ndani kama misumari. Nyutroni haina tabia hiyo.

Dawa ilikuwa koili ya shaba kuizunguka sampuli, ikipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ili uchafu ugandie huko. Kuijaza ni kila baada ya saa mbili, usiku kucha. Nililala kwenye kiti, kengele ya simu mfukoni, soksi jozi mbili. Na mwale uache utulie mahali pamoja. Ukiufagiza huku na huku, sampuli inapigwa na kupumzishwa, na vitundu vinavyoanza hufa kila inapopumzika.

"Hesabu kwenye kilele, ndipo palipopigwa zaidi," akaniambia yule yule. Safari hii sikumsikiliza. Kilele kiko kina cha maikromita moja na kitu, karibu na pale ioni zinapokoma, na kila ioni inayokoma ni atomi ya ziada inayoziba nafasi tupu. Uso wa chuma nao unazimeza nafasi hizo. Nilihesabu kati ya nanomita 500 na 700. Vitundu vilikuwepo, vya pembe kali, vimetapakaa kama matobo ya chujio.

Ile karatasi ya tantalamu ikanipa na zawadi nyingine. Nilipitisha sindano ya kupimia juu ya mpaka wa nusu mbili, nayo ikapanda nanomita 20 na kitu ilipoingia upande wa wazi. Yule mshauri wangu akapita, akautazama mchoro, akauliza sindano imegonga takataka gani. Nikamwambia ni chuma kimevimba. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniomba kipande cha ile karatasi.