Kuisoma Riwaya ya Upelelezi Ukiwa Unamjua Muuaji

Wasomaji wengi ninaowafahamu hawarudii riwaya ya upelelezi. Muuaji akishajulikana, kitabu wanampa mtu mwingine, basi. Mimi huzirudia, na usomaji wa pili ndio unaonipa raha zaidi. Ila raha hiyo haikuja yenyewe, ilibidi niitafutie njia.

Usomaji wa kwanza siuwekei masharti. Nasoma roho mkononi, namshuku huyu, namwachia, namrukia yule, na ikibidi nakesha. Sishiki penseli. Mwandishi amehangaika kunipoteza njia, nami nakubali kupotea. Nikimaliza nakiweka kitabu kando mpaka majina ya wahusika wadogo wadogo yanitoke kichwani. Muuaji simsahau, na wala sitaki kumsahau.

Nikirudi, namfuata yeye tu. Kila anapotokea natia alama pembeni mwa ukurasa: kasema nini, alikuwa wapi, nani kamkatiza. Hapo ndipo ufundi wa mwandishi unapoanza kuonekana. Chukua sebule anayoikagua mpelelezi: miwani mezani, barua ambayo haijafunguliwa, kikombe chenye mashapo ya kahawa, bastola chini ya kiti. Macho yote yatakimbilia bastola. Mwandishi stadi anajua hivyo, kwa hiyo ameichomeka barua katikati, halafu kabla hujaitafakari mtumishi anapiga ukelele ghorofani na wote mnapanda ngazi mbio. Barua mmeiacha mezani, na ndiyo iliyobeba siri yote. Siku hizi kila nikikutana na ukelele wa namna hiyo, narudi nyuma aya moja kuangalia umekuja kufunika nini.

Maficho mengine ni mdomo wa mtu asiyeheshimiwa: mlevi, mtoto, kikongwe anayerudia maneno. Wahusika wenzake wanampuuza, na msomaji naye anampuuza pamoja nao. Nimekuta ukweli mzima ukisemwa waziwazi na mtu wa aina hiyo katika sura za mwanzo kabisa.

Kupima kama nimedanganywa kwa haki natumia kanuni mbili kati ya zile kumi alizoziandika padri Ronald Knox, naye mtunzi wa riwaya hizi, mwaka 1929: muuaji awe ametajwa mapema katika hadithi, na mpelelezi asiokote kidokezo chochote bila msomaji kuonyeshwa papo hapo. Ni kanuni za haki. Riwaya ambayo mpelelezi anachomoa hati mfukoni kwenye sura ya mwisho, hati ambayo hatujawahi kuisikia, hunikasirisha kwelikweli, kwa sababu mimi nilisoma kwa uaminifu.

Baada ya muuaji, anayenivutia ni yule rafiki wa mpelelezi. Edgar Allan Poe alimtumia msimulizi asiye na jina kando ya mpelelezi wake, Dupin, mwaka 1841. Sherlock Holmes alipotokea mwaka 1887 alikuja na Watson. Kwetu wasomaji wa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa na kiko chake, na pembeni yake Najum. Rafiki huyu huuliza maswali kwa niaba yetu, na tunamwamini kwa kuwa hajui, kama sisi tusivyojua. Kumbe akiuliza swali lisilofaa, nasi tumekwisha kuliuliza. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, maiti inakutwa mzimuni, na mahali penyewe panatosha kuwafunga watu macho. Hofu inamfanyia mwandishi kazi ambayo wengine huifanya kwa bastola chini ya kiti. Hilo nililiona niliporudia. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshikwa na hofu hiyohiyo.

Njia hii haifai kila mahali. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ni mtu wa mbio na hatari. Ukianza kumsoma na penseli mkononi unamharibia mwendo, kwa hiyo huyo namsoma kwa kasi tu, nikirudia kurasa nilizozipenda.

Jambo ambalo sikulitarajia ni marehemu mwenyewe. Katika usomaji wa kwanza yeye ni maiti, mlango wa kuingilia kwenye fumbo. Mara ya pili, kurasa chache alizopewa akiwa hai hubadilika. Anapomkaribisha muuaji wake chakula na kumsisitiza aongeze, mimi najua, yeye hajui. Huwa nasoma polepole hapo, na mara nyingine nafunga kitabu kwanza. Mwandishi aliyempa marehemu sauti, tabia na watu wa kumlilia, huyo nitamrudia hata mara ya tatu. Ambaye marehemu wake ni mwili tu wa kuanzishia hadithi, simrudii, fumbo lake liwe gumu namna gani.