Siku moja maishani mwangu: kutoka Mandara hadi Horombo, tukisoma majani

Saa 12 asubuhi, kambi ya Mandara, Mlima Kilimanjaro, mita 2,720. Wagumu (wapagazi wetu) wanafunga mizigo, mpishi anakoroga uji, mimi nawapitia wageni kujua nani ameamka na kichwa kinauma. Leo naongoza mwalimu wa baiolojia kutoka Dodoma na binti yake. Wote wazima.

Saa 2 tunaondoka, pole pole. Msitu unatuacha mapema.

Saa 3 na nusu tunakuta vichaka vinavyompita mtu urefu, vimechanua njano. "Kaka, huu ni mti gani?" mwalimu anauliza. Wengi hapa hutazama ua wakajibu papo hapo. Kwangu hiyo haitoshi, maana njano imejaa mlima mzima. Naanza na jani. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, hayana vikonyo, na vitako vyake vimekumbatia tawi. Nainamisha tawi taratibu (hifadhini hatuchumi hata jani) na kumwomba alitazame jani moja dhidi ya jua. Anakaa kimya kidogo. "Naona vitone vinapitisha mwanga! Na vimistari!" Ndizo tezi za mafuta. Sasa ndiyo tunalitazama ua: limekaa peke yake kwenye ncha ya tawi, petali tano, stameni (sehemu za kiume za ua) nyingi zilizogawanyika mafungu matano. Hypericum revolutum, mwenyeji wa milima kuanzia Uarabuni hadi Afrika Kusini. Baada ya mvua hunukia binzari, na harufu hiyo mimi naipenda mno.

Saa 6 tunakula, kisha tunakatiza kwenye vichaka vya Erica, majani membamba mafupi, viua vyeupe vidogo sana. Huku ndiko moto wa Oktoba 2020 ulikopita. Kuona vichaka vikichipua tena hunipa nguvu ya kazi.

Saa 9, karibu na kambi ya Horombo, njano tena. Binti anataka kusema ni kile cha asubuhi, mama anamzuia: "Jani kwanza." Majani ni membamba, yamebanana, hayakai mawili mawili. Na hilo "ua" ni viua vingi vilivyoungana, kama alizeti. Ni Euryops dacrydioides, ambao kwa asili huota Kilimanjaro tu.

Saa 12 jioni, mita 3,720. Baada ya chakula nawapima oksijeni, binti anaandika daftarini: mwinuko, mpangilio wa majani, ua. Kesho tunabaki hapa miili izoee. Tutapanda hadi Zebra Rocks, miamba yenye mistari, na kurudi, na ameshaniuliza kama tutaona Dendrosenecio, mmea mkubwa wa mlimani. Tutaiona.