Samli ya Ba hupikwa kwa masikio

Samli yangu ya kwanza niliiunguza nikiwa na kipimajoto mkononi na miaka miwili ya chuo kichwani. Nilikuwa nasomea teknolojia ya maziwa mjini Anand, jimbo la Gujarat, India. Aliyenifundisha kupika samli hakuwa mhadhiri bali mama mwenye nyumba wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Ba. Kwa Kigujarati Ba ni mama, na ni bibi pia, inategemea nani anaita.

Chumba nilikipata kwa sababu ya fagio. Shemeji yake Ba alikuwa na duka Uganda mpaka Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, na aliporudi alileta maneno kadhaa ya Kiswahili ambayo familia haikuyaacha tena. Siku niliyokwenda kuuliza chumba, Ba aliinua fagio la uani akaniuliza, "Aa shu chhe?" Hiki ni nini? Nikasema fagio. Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akanipa ufunguo na masharti: nyama hapana, mayai hapana, hata harufu yake hapana. Nilikubali kabla hajamaliza, maana chumba kilikuwa na upepo mzuri.

Anand si mji wa kuchezea maziwa. Hapa ndipo ushirika wa wafugaji wa wilaya ya Kaira ulipoandikishwa mwaka 1946, ule uliokuja kujulikana kwa jina la Amul, na hapa ndipo Verghese Kurien, aliyekuja kuuongoza ushirika huo, alipofika mwaka 1949 akaishia kukaa maisha yake yote. Vijijini, asubuhi na jioni, watu hupanga foleni na ndoo zao, maziwa yanapimwa mafuta, wanalipwa kulingana na kipimo. Kwa hiyo ungetarajia kwamba hapa hasa, kuliko pengine popote, watu wameacha kusukasuka mtindi barazani na kununua samli ya kopo. Wengi wameacha kweli. Ba hakuacha.

Kazi huanza jioni. Jirani alikuwa na nyati wa kufugwa wawili, na Ba alichukua kwake lita nne kwa siku. Aliyachemsha, akayaacha yapoe hadi aweze kuzamisha kidole na kukiacha humo bila kukunja uso. Kisha kijiko cha mtindi wa jana, anakoroga mara mbili tatu, anafunika chungu. Mwezi wa Mei, joto likipita nyuzi 40, chungu kilikaa sakafuni peke yake na mtindi ukaganda kabla ya usiku wa manane. Januari alikifunga blanketi kama mtoto mwenye homa.

Hapo ndipo penye tofauti na samli ya kiwandani, na watu wengi hawapaoni. Kiwandani maziwa hupita kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, krimu inajitenga na kwenda kupikwa. Hakuna kuganda. Kwa njia ya Ba, maziwa yote, na krimu yake, hugeuka mtindi kwanza, na bakteria wanapokula sukari ya maziwa wanaacha asidi na manukato ambayo baadaye husafiri ndani ya mafuta mpaka kwenye sahani. Harufu ile ya samli ya kienyeji ambayo mtu anaisikia akashindwa kuieleza, sehemu yake kubwa inatoka kwenye usiku ule wa chungu.

Mtindi wa siku mbili ukitosha, alfajiri tunaamka. Chombo chenyewe kwa jumla kinaitwa valonu: mtungi, mti wa kusukia uitwao ravaiyo wenye kichwa kilichochongwa kama ua, na kamba iitwayo netru. Mti unasimama ndani ya mtungi, umeshikizwa kwenye nguzo ya baraza kwa vitanzi, kamba inazungushwa mara mbili tatu kwenye mti, unavuta mkono huu unaachia ule. Mti unazunguka huku, unazunguka kule. Ukitazama tu, ni kazi ya mtoto. Mimi dakika ya kumi na mbili mabega yaliwaka.

Ba alinieleza kisa cha miungu na mashetani waliosukasuka bahari ya maziwa kutafuta kinywaji cha uzima. Mlima Mandara ulikuwa ndio mti, joka Vasuki ndilo kamba, upande huu miungu, upande ule asura, wakavutana. Kisha akanitazama ninavyohema, akasema kwa heshima zote kwamba anaona wazi mimi nimepangwa upande gani.

Mtindi una joto lake la kutoa siagi. Ukiwa wa moto mno, mafuta yanalainika na kusambaa, unapata ujiuji unaoteleza. Ukiwa baridi mno, chembe za mafuta zimekakamaa, hazitaki kushikana, utavuta kamba mpaka adhuhuri. Darasani tulipewa nyuzi za kufuata. Ba alimwagia tone kifundoni mwa mkono, basi. Kiangazi aliongeza maji baridi ya mtungini, kipupwe aliongeza ya vuguvugu. Halafu akasikiliza. Mwanzo mtindi unapiga kelele nyepesi, chubwi chubwi. Unafika wakati sauti inakuwa nzito, kama mtu anayetembea kwenye matope, na kamba inaanza kugoma mkononi. Siagi imekuja. Ukiendelea kwa fujo baada ya hapo unaivunja tena.

Siagi inaelea kama vipande vya pamba iliyolowa. Ba aliichota kwa viganja, akaikusanya donge, akaiosha kwa maji baridi mara tatu, mpaka maji yakatoka meupe kidogo tu. Donge la kwanza, dogo kama nazi ya kidaka, liliwekwa na vipande vya sukari ya mawe mbele ya sanamu ya shaba ya Krishna mtoto, yule ambaye Wahindu humwita mwizi wa siagi kwa mapenzi kabisa. Baadaye donge hilo lilirudi jikoni na mimi nikawa mwizi wa pili.

Maziwa yaliyobaki, chhash, hayakuuzwa. Hilo Ba alilishikilia kuliko masharti ya nyama. Kufika saa mbili watoto wa majirani walikuwa mlangoni na vikopo vyao, na kila mmoja alijaziwa. Mchana sisi tulikunywa na chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa.

Sasa jiko. Siagi inaingia kwenye sufuria ya chini nzito, moto mdogo. Zamani Ba alitumia chhana, vile vigae vya kinyesi cha ng'ombe vilivyokaushwa ukutani, ambavyo huwaka polepole bila pupa. Nilipomkuta mimi alikuwa ameshahamia gesi, na kila mara aliisema gesi kama mtu anayemsema mkwe. Siagi inayeyuka, inatoa povu jeupe, halafu inaanza kelele. Ni mvua juu ya bati. Maji yaliyomo ndani ya siagi yanachemka na kupasuka, na maadamu yapo, joto haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100. Unaweza kukaa hapo nusu saa, kipimajoto kinasoma karibu kilekile.

Kisha maji yanaisha. Na yanapoisha, hakuna tena kinachozuia joto. Linapanda ghafla, 108, 112, 118, na vile vipande vya protini na sukari vilivyozama chini, ambavyo dakika moja iliyopita vilikuwa vyeupe, vinakuwa vya dhahabu, vya kahawia, vyeusi. Kati ya dhahabu na nyeusi huna muda wa kwenda kufungua mlango.

Mimi sikwenda kufungua mlango. Nilikuwa nimevaa visikilizio, nasikiliza mechi. Ba alikuwa amekwenda kwa jirani akaniachia sufuria, na mimi niliona hamna taabu, kipimajoto kipo. Kilisoma 104. Kilisoma 104 tena. Kipindi cha pili kikaanza, mtu akakosa bao la wazi, nikafumba macho kwa uchungu, nilipofumbua nikaona moshi. Samli ya siku mbili, karibu nusu kilo, rangi ya kahawa.

Ba aliingia akavua ndala. Hakugomba. Alizima jiko, akaja, akashika waya wa kisikilizio akauvuta taratibu mpaka kikatoka sikioni, akaigusa ndewe ya sikio langu kwa kidole chenye harufu ya siagi. "Kaan thi, dikra." Kwa sikio, mwanangu.

Ile samli haikutupwa. Ilikwenda kwenye taa za utambi za ibada ya jioni, na kwa wiki kadhaa kila aliyeingia nyumbani aliuliza nini kinaungua.

Mara ya pili nilikaa bila kitu masikioni wala mkononi. Mvua ilinyesha juu ya bati. Ikapungua, ikawa matone makubwa makubwa, yanayotoka chini na kupasuka moja moja. Halafu pakawa kimya. Siyo kimya kabisa. Kimya cha watu waliokuwa wanagombana mgeni akabisha hodi. Juu likaanza povu jingine, laini, la viputo vidogo kama vya sabuni, na Ba akazima hapohapo, kabla mimi sijaona rangi yoyote. Nilidhani amewahi. Lakini sufuria nzito ina joto lake la akiba, na ile dhahabu ilikuja yenyewe moto ukiwa umezimwa. Hilo kwenye daftari langu halikuwamo.

Alichuja kwa kitambaa cha melimeli, akaiacha kwenye mtungi bila kuigusa hadi kesho yake. Samli ikipoa polepole inafanya punje, na Mgujarati akikusifia samli atasema ni kanidar, ya punje. Ukiiharakisha kwenye friji inakuwa laini kama mafuta ya kujipaka. Ya nyati ilitoka nyeupe. Ya ng'ombe aina ya Gir, ambayo Ba alipika mara moja moja alipopata maziwa, ni ya njano, kwa sababu ng'ombe hupitisha ile rangi ya njano iliyojificha kwenye majani hadi kwenye mafuta yake na nyati hapitishi.

Wanafunzi wenzangu kutoka Tamil Nadu, kusini mwa India, walikuwa wakipika kwao na majani ya mlonge mwishoni, wa Andhra jani la tambuu, na wote walipenda iive kupita ya Ba. Mabishano ya bweni kuhusu hilo sitayaandika hapa.

Na sasa kitu. Kile kilichobaki kwenye kitambaa, ule ukoko wa dhahabu wenye mafuta, Wagujarati wanauita kitu. Siyo utani. Siku ya kwanza Ba alinisogezea bakuli akasema "kitu", nikaangalia ndani, nikasubiri amalizie sentensi. Kitu gani? Kitu, akasema. Tulikaa hivyo kwa muda. Unachanganywa na sukari guru ukiwa bado wa moto, unakula na chapati za mtama au kwa kidole tu. Mimi niliwahi kumwambia rafiki yangu kwa simu kwamba chakula nikipendacho India ni kitu, akaona nimeanza kuficha mambo.

Watu huniuliza kama ile samli ya chupa iliyoandikwa "bilona", kama wanavyoiita huko kaskazini, ni ya kweli. Piga hesabu. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4, kwa hiyo kilo moja ya samli inataka lita 25 hata kama hupotezi tone, na kwa kamba na mti utapoteza. Weka rupia 55 kwa lita. Umeshafika rupia 1,375 kabla ya moto, kamba na mabega. Kiwanda kinaweza kuuza kwa bei nafuu kwa sababu maziwa yaliyotolewa krimu huenda kuwa unga na kuuzwa kivyake. Ya Ba yalikwenda kwa watoto wenye vikopo. Kwa hiyo nikiona chupa ya kilo ya samli ya ng'ombe kwa rupia 700 na picha ya mwanamke anavuta kamba, namwonea huruma yule mwanamke.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi mji wa Pune, hukohuko India, chumba kimoja, jiko la gesi la mafiga mawili. Valonu sina. Nafanya kama wanavyofanya majiko mengi ya mjini: kila siku nachemsha maziwa, nayaacha yapoe, natoa ule utando mzito wa juu, naweka kwenye friza. Baada ya siku kumi naongeza kijiko cha mtindi, nauacha ulale usiku mmoja, kisha natwanga na mashine. Siagi inakuja. Siyo ile, lakini inakuja.

Jumapili iliyopita nilimpigia Ba sufuria ikiwa jikoni. Macho yake sasa yana ukungu, mjukuu ndiye anayemshikia simu. Tukasalimiana, kem chho, majama, akaniuliza kama nimeoa, nikabadilisha mazungumzo kwa kuweka simu karibu na sufuria. Akanyamaza. Nikamsikia akimkemea mjukuu azime televisheni. Mvua ikanyesha juu ya bati pale Pune, na Anand mtu akawa anaisikiliza. Mimi nilisikia matone makubwa bado. Nilikuwa na uhakika bado.

"Have bas," akasema. Sasa basi.

Nikazima. Povu la pili likapanda mbele ya macho yangu.

"Na kitu?" akauliza.

"Nitakila chote, Ba."

"Weka sukari guru," akasema, akampa mjukuu simu.