Udongo wa Kitmiri

Kwa miaka tisa Baba hakumgusa Kitmiri kwa mkono. Alimkuna mgongo kwa fimbo. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa kwenye kigoda chini ya mwembe, Kitmiri akaja akampa ubavu, na Baba akaichukua ile fimbo yake ya mkwaju akaanza kumkuna taratibu, shingoni mpaka kiunoni, huku akizungumza na wageni kana kwamba mkono ule hauko pale. Mbwa alifumba macho. Baba akiacha, aliisukuma fimbo kwa pua. Tangu hapo nimewaona wengi wanaowapakata mbwa wao na kuwabusu, lakini sijaona mapenzi yaliyotulia kama yale ya fimbo.

Tulikuwa tunaishi Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa kwenda mapangoni. Mwaka 2003, nikiwa darasa la pili, mimi na kaka yangu tulikuwa tunarudisha mbuzi kutoka malishoni kando ya mto Mkulumuzi. Tukasikia kilio katika shamba la mkonge lililoachwa, mahali ambapo magugu yalikuwa yameupita mkonge wenyewe. Kilikuwa kitoto cha mbwa, dume, kimejikunja chini ya majani yale yenye miiba. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatwa. Wako watu wanaokata masikio ya mbwa wakiamini atakuwa mkali. Aliyemkata huyu alimkata vibaya, kidonda kikaoza, kikaingia mabuu, na nadhani hapo ndipo alipoona hana faida tena, akamtupa. Kaka alisema tumwache. Mimi nilivua mtandio wangu nikamfunga.

Nyumbani tulimkuta Baba anatia udhu.

"Hapo hapo," akasema. "Msisogee."

Hakufoka. Baba hakuwa mtu wa kufoka. Alimaliza kuosha miguu, kisha akatueleza kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, kwamba mate yake ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa udongo. "Ninyi watoto hamtayaweza hayo. Mrudisheni mlikomtoa."

Bibi, mama yake Baba, alikuwa jikoni anakuna nazi. Akatoka na machicha vidoleni.

"Mmemtoa wapi?"

"Kule karibu na mapango, Bibi."

Alimtazama yule mbwa kwa muda. "Pangoni," akasema. "Basi huyu ni Kitmiri."

Aliyesoma chuoni anajua. Katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliokimbilia pangoni wakalala miaka mia tatu na tisa walikuwa na mbwa wao, na Kurani inamtaja akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Jina lake halikutajwa humo; ni wazee wanaosimulia kwamba aliitwa Kitmiri.

"Mwanangu," Bibi akamwambia Baba, "yule mtu aliyeteremka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake akampa mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu alimfanyaje?"

Baba, mtu mzima mwenye ndevu zake, alijibu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu: "Alimsamehe, Mama."

"Haya. Kwani nani kasema aingie ndani? Atalala bandani, alinde mbuzi na mahindi, na hilo lina ruhusa. Chombo chake nitampa mimi." Akaingia jikoni akatoka na gae la chungu kilichovunjika, akaliweka nyuma ya jiko. Gae lile halikutoka pale mpaka mwisho.

Bibi ndiye aliyemtoa mabuu, mmoja mmoja, kwa kijiti na maji ya chumvi yenye uvuguvugu, halafu akampaka jivii. Wiki mbili nzima kichwa cha Kitmiri kilikuwa cha zambarau. Alipona, akakua mbwa mwembamba mrefu wa kahawia mwenye sikio moja, na hakuwa mkali hata kidogo kwa watu wa nyumbani.

Chakula chake kilikuwa ugali, vichwa vya dagaa, na kubwa kuliko vyote, machicha ya nazi. Alikuwa akiisikia mbuzi ya kukunia nazi ikianza kukwaruza jikoni, popote alipo, anakuja. Angekuwa shambani anafukuza kima, angekuwa kwa jirani, anakuja, anakaa mbele ya gae lake kimya, sikio lile moja limesimama. Mama alikuwa akisema anakuna nazi mbili hata mchuzi ukihitaji moja, maana hawezi kustahimili yale macho.

Mwaka 2007 wezi waliingia usiku kwenye banda la mbuzi. Hatukupoteza hata mmoja. Kitmiri alipata jeraha la panga begani, na Bibi akatoa tena chumvi na jivii.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa yangu. Bwana mifugo alikuja na kisanduku chake cha barafu akakaa chini ya mti, na sisi watoto wa kijiji kizima tukamiminika na mbwa wetu, kila mmoja kwa kamba ya katani, maana kamba nyingine huko kwetu ilitoka wapi? Vumbi, kelele, mbwa wanakoromeana. Kitmiri alijibana kati ya magoti yangu mpaka sindano ikaisha. Kadi yake niliihifadhi pamoja na madaftari yangu.

Na kazi yangu nyingine ilikuwa kupe. Kila Alhamisi nilimlaza kivulini nikamkagua: kati ya vidole, chini ya shingo, ndani ya sikio zima, na katika kovu la lile lililokatwa, ambako walipenda kujificha. Niliwatoa nikawatia kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Kisha nikaenda shule ya bweni, miaka minne. Sikumwachia mtu kazi ile. Sikufikiria kuwa ni kazi. Niliiona ni mchezo wetu wawili tu. Nikija likizo nilimkuta na kupe, nikawatoa, nikaondoka tena. Hili linaniuma mpaka leo ninapoandika.

Bibi alifariki mwaka 2010. Tangu hapo aliyepeleka machicha kwenye gae alikuwa Mama, na Baba akawa anakaa na fimbo yake chini ya mwembe muda mrefu zaidi kuliko zamani.

Novemba 2012 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani. Vuli ilikuwa inanyesha. Kwa siku kadhaa Kitmiri alikuwa anakula kidogo, analala sana, tukasema ni uzee. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta bandani, damu inamtoka puani. Si nyingi, tone baada ya tone, lakini haikatiki. Nikampangusa, ikaja tena. Nikamfunua mdomo: ufizi ulikuwa mweupe kama tui.

Baba alikuwa ameshavaa kanzu. Alitazama, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anasukuma toroli, ndani yake ametandika magunia. "Mtie humu, mama," akaniambia. Nikamwinua, nikamtia. Baba alisukuma toroli lile mpaka barabara kuu, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni, gurudumu linazama matopeni, naye anasukuma. Barabarani dereva wa bajaji alituona akatikisa kichwa. Wa pili pia. Tulisimama katika manyunyu hayo mpaka ikapita lori iliyobeba singa za katani, dereva akatuuliza mzee mnakwenda wapi na mgonjwa. Alisema "mgonjwa". Nilimpandisha Kitmiri juu ya zile singa laini nikakaa naye. Baba alikaa mbele, na njia nzima nilikiona kisogo chake kikigeuka kututazama kupitia kioo cha nyuma.

Daktari wa mifugo mjini alikuwa kijana. Alimpima, akamgeuza sikio, akatoa kupe wawili pale pale kwenye lile kovu. Alitueleza bila haraka. Kupe hawa wa kahawia, alisema, hubeba kidudu kidogo sana kinachoingia ndani ya chembe nyeupe za damu. Mbwa anaweza kuugua siku chache akaonekana kupona, na kumbe kile kidudu kimebaki ndani miezi, hata miaka. Mwishowe uboho wa mifupa huchoka, chembe sahani zinakwisha, na damu haigandi tena. Ndiyo hiyo inayotoka puani. Kikishikwa mapema, dawa yake ni kapsuli za doksisaiklini kwa wiki nne, na wengi hupona.

"Na huyu?" Baba akauliza.

Daktari alimtazama Baba, si mimi. "Huyu amechelewa, mzee. Lakini tujaribu."

Tulijaribu. Alimtundikia dripu, akampa sindano, akatupa kapsuli za wiki nne nzima ndani ya bahasha ya khaki. Baba alihesabu pesa akalipa zote bila kuuliza bei mara mbili, siku ambazo nyumbani tulikuwa tunahesabu hadi nauli. Tulirudi jioni kwa gari la kukodi. Ijumaa hiyo Baba hakuiwahi swala ya jamaa, na sikumbuki Ijumaa nyingine iliyompita akiwa mzima.

Usiku nilimpa kapsuli moja ndani ya tonge la ugali. Aliimeza kwa kunisikiliza tu, hakuwa na hamu. Nilikaa naye bandani mpaka Mama akaja kunitoa, akasema nitaugua na mimi.

Alfajiri, adhana ikiwa bado haijakwisha, nilikwenda na taa. Bandani hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya jiko, ameloa mvua chapachapa, amelala mbele ya gae lake, miguu ya mbele ameinyoosha. Mwili ulikuwa bado una joto kidogo chini ya kwapa. Alikokotaje mwili ule kutoka bandani mpaka pale, sijui.

Nilikaa chini matopeni. Baba aliporudi msikitini alinikuta hapo hapo. Hakusema nyamaza. Alichukua jembe akaenda kwenye migomba, akaanza kuchimba, nami baadaye nikainuka nikamsaidia kwa koleo. Tulichimba mpaka kiunoni pake, fisi na mbwa wengine wasije wakamfukua. Tulipofika kwenye udongo mkavu wa chini, ambao mvua ilikuwa haijaufikia, Baba aliinama akachota konzi mbili, akautia katika kopo la maziwa na kuliweka pembeni juu ya jiwe. Sikumwuliza ni wa nini.

Kisha nikaenda kumchukua Kitmiri. Nilitia mikono chini yake nikajaribu, nikashindwa. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwinua mara nne. Sasa mikono haikuwa na nguvu.

"Wacha," Baba akasema nyuma yangu. "Nitambeba mimi."

Alikuja na fimbo yake ya mkwaju, kama kawaida yake. Akaiegemeza ukutani. Akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akapiga magoti matopeni, akamkumbatia Kitmiri mzimamzima akamwinua, kichwa chenye sikio moja kikalala begani mwake. Maji ya manyoya yalimchuruzika kifuani. Hakuharakisha. Alipofika kwenye migomba alisimama, na mkono wake ukapita mgongoni mwa yule mbwa, kutoka shingoni mpaka kiunoni, mara moja, mara mbili. Ndipo alipoteremka mwenyewe shimoni akamlaza.

Mama alileta gae. Tulimzika nalo.

Tulipomaliza kusawazisha, Baba alilichukua lile kopo, akatia maji, akakoroga udongo kwa kijiti. "Lete ndoo na kata," akaniambia. "Nimwagie, uhesabu."

Alijipaka ule udongo mikononi, mpaka viwikoni, akajipaka kifuani. Nikamwagia. "Moja." Nikachota. "Mbili." Maji yalikuwa yanageuka mekundu na kwenda zake migombani. "Tatu." Nilikuwa naona ukungu. Nilimwagia tena, na tena, kisha nikasimama na kata mkononi, sijui kama nimesema nne au tano.

"Nimepotea, Baba."

"Mwenye shaka hushika idadi ndogo," akasema. Ndivyo alivyonifundisha katika rakaa tangu utotoni. Alibaki ameinyoosha mikono yake, inadondoka maji, anaitazama. "Lakini tuanze upya, mama. Udongo ungalipo."

Akachota tena kutoka kwenye kopo, akajipaka taratibu.

"Moja," nikasema.